Samaki wa Uchina: kisa cha hoteli ya siku tisa

Hoteli ilikuwa na siku tisa tangu ifungue mlango. Mimi nilikuwa na miaka minne ya kuandika kuhusu chakula cha Kisumu kwa jina la kupanga. Tulikutana Ijumaa moja, na aliyeumia si mimi. Nakiandika kisa chote kwa sababu vijana wanaoanza kazi hii huniuliza jambo lile lile kila mara: nifiche uso au nisifiche? Naona wanauliza nusu ya swali.

Jina la hoteli silitaji, wala barabara yake. Ijulikane tu kwamba iko upande wa Milimani, mahali ambapo upepo wa ziwa unafika lakini ziwa lenyewe hulioni. Mwenyewe ni mama aliyekaanga samaki kwa miaka mingi kwenye vibanda vya Lwang'ni, kule ufuoni. Neno hilo kwa Kijaluo ni nzi, na wateja walikula na nzi wao bila kinyongo, maana samaki aliyetoka majini asubuhi alikuwa kwenye karai mchana. Vibanda vilipobomolewa akatangatanga kidogo, halafu akachukua mkopo wa chama, akakodi nyumba, akaweka vigae, akachapisha menyu yenye picha. Hayo yote sikuyajua nilipoandika. Ningemuuliza weita wa kwanza, angeniambia kabla soda haijafunguliwa.

Ijumaa yenyewe

Tulifika watatu, saa moja na nusu usiku, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ukiijua Kisumu unajua maana yake: mishahara imeingia, kila mtu ana mgeni, na hata hoteli zilizokomaa zinatoa jasho. Weita wetu alikuwa peke yake kwa meza nane, na aproni yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Tuliagiza ngege (tilapia) wawili wa mchuzi, mmoja wa kukaanga, kuon (ugali) watatu na sahani moja ya osuga (mboga ya mnavu). Kuon ikatangulia. Samaki walikuja baada ya saa nzima na dakika kumi, kuon ikiwa imeshafanya ngozi juu.

Sasa samaki, maana kesi nzima iko kwenye sahani hiyo. Ngege mzuri ukimvuta nyama ya mgongo kwa vidole, inaachana na mfupa kwa vipande vyenye kung'aa, kila kipande kikijishika chenyewe. Huyu nilipomgusa alisagika. Nyama ililala kwenye vidole kama uji uliopoa. Mchuzi haukuwa na kosa: nyanya imeiva, kitunguu kimeyeyuka, chumvi iko mahali pake. Chini ya mchuzi huo mzuri samaki hakuwa na la kusema. Mwenzangu mmoja akanawa vidole, akatikisa kichwa: "Huyu ni wa Uchina." Tukacheka. Kicheko kikaisha pale mezani, lakini ile sentensi nikaenda nayo nyumbani.

Bili ilikuwa samaki 1,650, kuon 240, osuga 150, soda 240, jumla 2,280. Nililipa kwa Lipa na M-Pesa, kwa simu yangu mwenyewe. Jambo hilo litarudi.

Jumamosi asubuhi nikaandika. Kichwa nilikiona kitamu sana: "Samaki wa Ziwa Asiyelijua Ziwa". Ndani niliweka ile saa moja na dakika kumi, kuon yenye ngozi, weita mmoja kwa meza nane. Halafu nikaandika kwamba inasikitisha hoteli iliyo karibu na ziwa namna hii kutuuzia samaki wa Uchina.

Kwa msomaji wa mbali maneno hayo ni utani. Kwa mtu wa Kisumu ni shtaka. Ngege waliogandishwa kutoka Uchina wamekuwa wakiingia nchini kwa wingi na kuuzwa bei ya chini kuliko wa hapa, wavuvi na kina mama wa sokoni wakilia kwamba wanafungiwa riziki. Mwaka 2018 jambo hilo lilifika hadi kwa Rais na kuwa mjadala wa taifa. Kumwambia mama wa Lwang'ni kwamba anapika samaki wa Uchina ni sawa na kumwambia fundi wa dhahabu kwamba anauza shaba. Nilijua hivyo. Ndiyo maana niliiandika. Ilikuwa na ladha.

Simu ya Alhamisi

Ruth Reichl, alipokuwa mchambuzi wa hoteli wa New York Times kuanzia 1993, alikuwa akivaa wigi, akibadilisha nguo na sauti, na kubeba kadi za benki zenye majina mengine ili asijulikane. Nilikuwa nikimpenda kwa hilo. Lakini wigi ingenifaa nini mjini kwetu? Mama huyu hakunijua kwa uso. Alikaa na simu ya hoteli akapitia malipo ya Ijumaa, akatafuta meza iliyokula samaki watatu na sahani moja ya osuga, akaiona 2,280 na jina langu pembeni. Namba ilikuwa imefichwa katikati. Haikumsumbua. Kisumu ukiwa na jina la mtu na ukajua anakula na nani, hukosi namba yake zaidi ya siku mbili, hasa kama kanisani kwenu kuna mtu aliyesoma na dada yake.

Alinipigia Alhamisi mchana. Nilitegemea matusi.

"Nyathina (mwanangu), ni wewe ulikula samaki watatu Ijumaa?"

"Ni mimi, mama."

"Ya kuchelewa sina neno. Kuon ilipoa, kweli. Huyo wa Uchina ulimwona wapi?"

Nikatafuta jibu, nikakosa. Sikuwa nimemwona popote. Nilikuwa nimemsikia kwa mwenzangu na kumsadiki kwa ulimi. Mama akaendelea bila kupandisha sauti, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Samaki wake huletwa kutoka kwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, upande wa Siaya, risiti anazo. Jumatano ya wiki ile stima ilipotea usiku ikarudi Alhamisi mchana; jenereta alikuwa bado hajanunua; samaki waliokuwa kwenye friza walilegea, stima iliporudi wakagandishwa tena. Ijumaa watu wakajaa kuliko alivyopanga, wale wa asubuhi wakaisha, wakatolewa wa friza. Kisha akanitajia jambo ambalo mimi sikulijua: chama cha wanawake ishirini kilichokuwa kimeweka nafasi ya Jumapili kilighairi baada ya kichwa changu kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wengi hawakuwa wamesoma zaidi ya kichwa.

Hapa msomaji mkali atanisimamisha. Samaki aliyeyeyuka akagandishwa tena si jambo dogo. Nyama yake inavunjika kwa sababu barafu ikiganda polepole hupasua nyuzi za nyama, na joto la kati kwa kati ni karamu ya vijidudu. Kama ningeujua ukweli huo na kuuandika, huenda ungemuumiza mama kuliko Uchina wote. Kweli kabisa. Na ningekuwa na haki ya kuuandika. Ukweli mkali anaweza kuujibu: anunue jenereta, aoneshe friza. Uongo wangu ulimwachia nini cha kufanya? Awaoneshe wateja cheti cha kuzaliwa cha samaki?

Nilichokuwa nacho Ijumaa ile ni vidole vyangu tu: nyama ilisagika. Basi. Hapo ndipo sentensi ilipaswa kuishia.

Kujificha mara mbili

Baada ya simu ile nilirudi kusoma watu niliodai kuwafuata, na ndipo nikaona nilivyowasoma vibaya.

Craig Claiborne aliingia New York Times mwaka 1957 kusimamia kurasa za chakula, na mazoea mengi ya kazi hii yanahesabiwa kutoka kwake: usiende mara moja, usijitangaze, gazeti lilipe bili. Reichl akaja na wigi zake. Wote wawili walijificha mezani, na wote wawili walitia sahihi majina yao chini ya makala. Mwenye hoteli aliyeonewa alijua ni nani, anafanya kazi jengo gani, mhariri wake ni nani. Wakaguzi wa Michelin, kile kitabu cha Wafaransa kinachoipa mikahawa nyota, huficha hata majina, na wao hulipa bili zao, lakini kitabu kina kampuni yenye anwani inayobeba lawama. S. Irene Virbila wa Los Angeles Times alifukuzwa kwenye mkahawa mmoja wa Beverly Hills mwezi Desemba 2010, mwenye mkahawa akampiga picha na kuisambaza ili kila jiko limjue. Alikuwa ameficha sura yake miaka mingi. Jina lake lilikuwa gazetini muda wote huo.

Mimi nilikuwa nimejificha mezani na kwenye karatasi pia. Kujificha mezani ni kwa faida ya msomaji: nataka kula anachokula yeye, si anachopikiwa mgeni wa heshima. Reichl alilionesha hilo mwaka 1993 alipoandika kuhusu Le Cirque ya New York, akaweka bega kwa bega namna alivyotendewa akiwa mama asiyejulikana na namna alivyopokewa alipotambuliwa. Hata matunda juu ya kitindamlo yalikuwa makubwa zaidi. Mkahawa ukashuka kutoka nyota nne za gazeti hadi tatu. Sina ubishi na kujificha kwa aina hiyo. Kujificha kwenye karatasi ni kwa faida ya nani? Nilikuwa nikijiambia ni usalama, na wako waandishi ambao kwao ni usalama kweli, hasa wanawake wanaotishwa na wenye baa. Kwangu mimi ilikuwa uvivu wa kujibu simu. Mama yule hakuwa na mhariri wa kumwandikia, hakuwa na ofisi ya kubishia hodi. Ilimbidi awe mpelelezi wa miamala.

Jonathan Gold wa Los Angeles, aliyepata Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari Marekani, mwaka 2007 akiwa mchambuzi wa kwanza wa hoteli kuipata, alivua kinyago rasmi mwaka 2015. Wengi walikuwa wanamtambua tayari. Sisemi tumwige. Nasema tu kazi yake haikuporomoka.

Siku tisa

Kuhusu muda, naungama kwamba msimamo wangu bado unayumba. Chama cha waandishi wa chakula cha Marekani, kabla hakijavunjwa, kiliwashauri wachambuzi wasubiri angalau mwezi mmoja baada ya mkahawa kufunguliwa, na waende zaidi ya mara moja. Ni ushauri wa busara uliotungwa mahali ambapo gazeti linalipa. Mimi hula kwa mfuko wangu. Ziara tatu za watu watatu ni karibu 7,000, na kodi ya nyumba hainisubiri.

Tena kuna mteja. Mama hakuwa na bei ya kujifunzia. Siku ya tisa alituuzia samaki kwa 550, bei kamili, na aliyeketi meza ya pili akiwa na mke na watoto alilipa vivyo hivyo. Kwa nini huyo asiambiwe kwamba chakula kinachukua zaidi ya saa? Naona anayetoza bei kamili amekwisha kuruhusu watu wamseme kuhusu bili, usafi na muda. Mkono wa mpishi ni jambo lingine. Jiko jipya ni kama gari jipya kwa dereva mgeni: wiki ya kwanza bado anatafuta gia. Ningeweza kuandika habari kwamba hoteli imefunguliwa, samaki ni 550, Ijumaa ya mwisho wa mwezi jipange kusubiri. Badala yake niliandika hukumu, na nikaivalisha kichwa cha habari.

Kichwa kina kesi yake. Mwaka 2014 mahakama ya Ufaransa, kule Bordeaux, ilimwamuru mwanablogu mmoja alipe fidia ya yuro 1,500 na gharama za kesi 1,000 kwa ajili ya makala kuhusu mkahawa wa Cap Ferret. Aliagizwa pia abadilishe kichwa, kilichosema hapo ni mahali pa kuepuka, kwa kuwa kilikuwa kinajitokeza juu kila mtu akitafuta jina la mkahawa huo. Naiona hukumu kali mno. "Msiende" ni maoni, na maoni ni haki yetu. Lakini jaji aliona kitu ambacho mimi sikukiona: kichwa huishi maisha yake peke yake, mwili wa makala ukiwa umesahaulika.

Kwetu, kosa la jinai la kashfa lililokuwa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu lilifutwa na Mahakama Kuu mwezi Februari 2017. Kwa hiyo kwa kifungu hicho mama asingeweza kunifungisha. Kesi ya madai bado ipo, na hapo tofauti ninayoieleza ndiyo yenyewe: maoni ya haki hulindwa yakisimama juu ya mambo ya kweli. "Sikumpenda samaki" ni langu, na hakuna wa kuninyang'anya. "Samaki ametoka Uchina" ni la kuthibitishwa. Mama hakutaja wakili hata mara moja. Mimi ndiye niliyekesha nikimwaza.

Chai

Nilikuwa na njia kama tatu. Kufuta makala yote na kujifanya hayakutokea. Kurekebisha kimya kimya. Au kusahihisha wazi. Kufuta kulinivutia sana, nikiri, lakini picha za skrini zilikuwa zimeshasambaa; ningejisafisha mimi na kumwacha mama na matope. Nikabadilisha kichwa, nikaacha kile cha zamani kionekane kikiwa kimekatwa mstari, nikaandika juu kabisa kwamba habari ya Uchina niliitunga kwa ulimi, kwamba nilifika mara moja tu siku ya tisa, na kwamba nililipa mwenyewe. Chini nikaweka jina langu la ubatizo na namba ya simu. Jina la kupanga bado ninalo, kama mtu anavyobaki na koti la zamani.

Mgogoro uliobaki ulikuwa wa chai. Mama alisema, "Njoo ule, usilete pesa." Maadili ya Baraza la Vyombo vya Habari yanamtaka mwandishi akatae zawadi inayoweza kumgeuza, na sote tunajua bahasha zinavyotembea. Lakini jaribu kukataa chakula cha mama wa rika la mama yako, uliyemkosea, mlangoni pake. Kwa Wajaluo na kwa Waluhya jirani zao, utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa. Nilikwenda saa nne asubuhi, saa ambayo samaki hawajaingia jikoni. Nikanywa chai ya maziwa na mandazi mawili nyuma ya nyumba, karibu na jenereta ambayo bado ilikuwa na nailoni. Sikulipa. Kwenye masahihisho niliandika: nimekunywa chai ya mama huyu na mandazi mawili, bure. Wengine walicheka. Nafuu wacheke wakijua.

Wiki ya sita nilirudi kula, na mbinu nikaichukua kwa Keith Lee, yule Mmarekani wa video za chakula ambaye huwatuma watu wa familia yake wakaagize ili asitambuliwe. Nilimtuma binamu yangu na mkewe waketi pembeni, walipe taslimu. Mimi nikaingia baadaye na uso wangu wote. Samaki wangu alifika kwa dakika ishirini na tano, wa binamu kwa arobaini. Wangu alimzidi wake kwa urefu wa kidole cha shahada. Nilipima kweli, weita akinitazama kwa huruma. Nyama ya wote wawili ilikuwa ile ile: vipande vinavyong'aa, vinavyojishika. Mafuta yale yale. Anayekutambua anaweza kukuchagulia samaki mkubwa na kukuharakishia, ila hawezi kufufua samaki aliyekufa mara mbili, wala kubadilisha mafuta ya karai kwa ajili ya meza moja. Osuga ilikuwa chungu kwetu sote, imepikwa bila maziwa. Nikaiandika hivyo, kwa jina langu. Mama akanipigia tena kunieleza kwamba wateja wa ofisini ndio wanaoomba isiwe na maziwa. Tukabishana dakika kumi na tano, salio langu likaisha.

Wanawake ishirini wa Jumapili hawakurudi. Chama chao kilipata ukumbi mwingine. Na mwezi uliopita shemeji yangu aliyehamia Mamboleo alinitumia picha ya skrini ya zamani, yenye kile kichwa changu kitamu, akaniambia nisije nikapeleka wageni huko, kuna samaki wa Uchina. Akaniuliza kama ninamjua aliyeandika.